Wingu Lingali Mlimani

Huko Ulaya miezi ya 9, 10 na 11 ndiyo miezi ya majani kupukutika, na tufani za baharini huanza kupiga pwani zao. Kwetu kando ya Ziwa Kivu majani hayapukutiki. Lakini miezi hiyo hiyo ni miezi ya dhoruba kwetu pia, kwani kiangazi chakwisha na masika yaingia. Mlima Kahuzi, ambao siku nyingi za kiangazi ulifichwa na vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, waonekana tena waziwazi. Na juu yake, karibu kila siku baada ya saa sita, pana wingu. Hapo kila mtu hujifanya mtabiri.

Hata salamu hubadilika. Watu wakikutana njiani hawaulizani kwanza habari za nyumbani. Mmoja aonyesha mlima kwa kidevu, mwingine aitika: «Ndiyo, nimeliona.» Kisha ndipo waulizana habari za watoto.

Maneno hayo tumeyasikiliza miaka mingi, na twaona kwamba hapana mtu anayesema habari ya dhoruba tupu. Kila mtu husema habari ya kitu chake kilicho nje. Mfyatuaji wa matofali atazama juu na kusema: «Leo itapiga vibaya,» kumbe anawaza matofali yake ambayo hayajakauka, na mvua ya robo saa itayarudisha kuwa matope. Mama aliyeanika mihogo juu ya mwamba asema: «Ingengoja mpaka kesho!» Mwenye pikipiki asema kwamba akipata mteja wa Katana sasa hivi atamchukua kwa nusu ya bei, ilimradi arudi kabla njia haijawa sabuni. Watoto wafurahi, kwani mvua za kwanza zikipita kumbikumbi watatoka ardhini, na sufuria ya kuwakaanga imekwisha kutengwa. Tena yuko mke kijana ambaye hasemi neno. Atazama dari ya nyumba yake, halafu ahesabu mabakuli.

Lakini wenye haki ya kwanza ya kusema ni wavuvi wa sambaza. Samaki huyu mdogo, ambaye leo twamwona kama wa babu zetu, ni mgeni: aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Huvuliwa usiku. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa, wavu hushushwa, na watu hupiga kasia wakiimba mpaka mbali, mahali ambapo mtu wa nchi kavu aona nukta za nuru tu. Dhoruba ikiwakuta huko hawana ukuta wala mti wala shimo. Wao wenyewe ndio kitu kirefu kupita vyote juu ya maji.

Jioni moja tulisikia mvuvi mmoja mzee akibishana na kijana wa mtumbwi wake. Taa zilikuwa zimekwisha kujazwa mafuta.

«Baba, twende. Wingu lingali mlimani.»

«Lingali mlimani, mwanangu. Nawe litakaposhuka utakuwa wapi?»

Kijana akacheka, akasema kwamba juzi vilevile walikaa bure ufukoni, na mvua haikuja, na jirani zao waliokwenda walirudi na beseni nane. Mzee hakukana. Alisema: «Ni kweli. Juzi nilikosa. Wewe ulikula nini juzi?» Kijana akajibu kwamba alikula mihogo. «Basi leo pia tutakula mihogo.»

Kisha akamfundisha, nasi tukasikiliza. Alisema, wingu si la kutazamwa peke yake, kwani wingu ladanganya. Yafaa kutazama maji. Ukiona mbali mstari mweusi juu ya ziwa, ujue upepo umekwisha kufika pale. Tena ukiwa unatoka jasho, na mara upepo wa baridi ukakupiga usoni kutoka milimani, usihesabu tena samaki. Kata kamba, rudi. Wenye elimu ya hali ya hewa wasema jambo lile lile kwa maneno mengine. Ndani ya wingu la radi, mvua inapoanza kuanguka, hewa iliyopoa yaporomoka pamoja nayo, yafika chini, yasambaa pande zote na kutangulia mvua. Upepo ule wa baridi ni mguu wa mbele wa dhoruba. Mzee hajui kusoma, lakini mguu ule aujua.

Tangu mwezi wa 5 mwaka 2023 watu wa pande zetu hawacheki sana mtu akisema anaogopa mvua. Mvua kubwa ya mwanzo wa mwezi ule ilishusha mito na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, na watu zaidi ya 400 walikufa. Baada ya siku zile hata wanywa kasiksi wetu huweka kikombe chini mlima ukinguruma.

Na kunguruma kwenyewe, je, ni mazoea yetu tu kuona kwamba kwetu kumezidi? Hapana. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza hesabu ya radi ya dunia nzima, iliyopigwa kwa setelaiti tangu mwaka 1998 mpaka 2013. Mahali pa kwanza ni Ziwa Maracaibo katika nchi ya Venezuela, ambapo kila kilometa mraba moja hupata mimweko 233 kwa mwaka. Mahali pa pili duniani, na pa kwanza katika Afrika, ni Kabare yetu: mimweko 205. Wa tatu ni ndugu zetu wa Kampene katika Maniema, karibu 177. Sababu yake haifichiki. Upande wa magharibi uko msitu mkubwa wa Kongo unaotoa unyevu usiokwisha. Upande wetu iko milima. Jua lapasha mabega ya milima, hewa ya moto yenye unyevu yapanda haraka mpaka juu penye baridi kali, na huko ndani ya wingu chembe za barafu zagongana na kusuguana hata wingu lajaa umeme.

Mwalimu wa shule yetu alipotusomea hesabu hiyo baada ya Misa, mtu mmoja alipiga makofi kana kwamba tumeshinda mpira. Mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni aliuliza: «Wamehesabu radi. Wamehesabu na waliopigwa?» Mwalimu akakunja karatasi yake.

Lakini msidhani kwamba kubishana juu ya dhoruba inayokuja ni kazi ya watu wa milimani tu. Tarehe 15 Oktoba 1987, katika Uingereza, mtabiri wa hali ya hewa wa televisheni ya BBC, jina lake Michael Fish, aliwaambia watazamaji kwamba mwanamke mmoja amepiga simu, akisema amesikia kwamba kimbunga kinakuja. Akatabasamu, akawaambia wanaotazama wasihangaike, hakiji. Aliongeza kwamba upepo mkali utakuwapo, lakini zaidi upande wa Hispania na Ufaransa. Usiku ule ule upepo ukaingia kusini mwa Uingereza. Huko Gorleston ulipimwa ukaenda kilometa 196 kwa saa. Watu 18 walikufa Uingereza, na 4 Ufaransa. Miti kama milioni 15 ilianguka, kwani ilikuwa bado na majani yake yanayoshika upepo kama matanga, na udongo ulikuwa umelowa kwa mvua za siku zilizotangulia. Uko mji unaoitwa Sevenoaks, maana yake mialoni saba: asubuhi sita kati ya saba ilikuwa imelala chini.

Wazungu wenyewe waeleza kwamba haikuwa kimbunga cha nchi za joto, na kwa namna hiyo mtabiri hakusema uongo. Sisi twaona kwamba mwenye nyumba iliyoezuliwa hana haja ya kujua jina la upepo. Baadaye utaratibu wa kuonya watu ulitengenezwa upya, na maneno yale juu ya mwanamke wa simu yanakumbukwa huko mpaka leo, kwa kicheko. Lakini jambo moja latushangaza katika habari hiyo. Kabla ya dhoruba walimcheka mwanamke, baada ya dhoruba wakamcheka mtabiri; wala hatujasikia kwamba alitokea mtu wa kumwendea mwanamke yule na kumwuliza: «Ulijuaje?»

Kwetu wangemwuliza.

Kwetu yako maneno mengine juu ya dhoruba, nayo husemwa kwa sauti ndogo. Husemwa kwamba iko radi ya Mungu na iko radi ya kutumwa; kwamba mtu aweza kununua radi kwa mbuzi au kwa pesa na kuielekeza juu ya paa la adui yake. Maneno haya hayazuii mtu kuanika mihogo wala kuvua sambaza. Yakaa kimya kama makaa chini ya majivu mpaka siku radi inapoua mtu. Siku hiyo kila neno lililosemwa mchana, wingu likiwa lingali mlimani, latolewa na kupimwa upya.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa 10, jambo hili lilitokea penye soko letu dogo la ufukoni. Alikuwapo mama mmoja mjane, muuza maharagi, ambaye sisi sote twamwita koko, maana ni kama nyanya wa kijiji kizima. Hakuwa na mtu wa kumtegemea, kwani wanawe walikwenda kutafuta dhahabu mbali na hawakurudi. Alikuwa na sifa ya kujua mvua. Siku ile alifunga maharagi yake mapema, kisha akawaita watoto waliokuwa wakicheza mpira kilimani, chini ya mkalitusi mkubwa unaosimama peke yake. «Wanangu, tokeni penye mti! Leo radi itashuka hapa.» Watoto wakakimbia wakicheka. Alipogeuka kubeba mzigo wake, baadhi yao wakarudi. Akawaita tena. Kisha upepo wa baridi ukaja, na kila mtu akakimbilia kwake.

Radi ilipiga mti. Mtoto wa kiume wa miaka 12 akafa pale pale, na mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa penye shina. Watoto wengine wawili waliangushwa chini, wakainuka.

Usiku ule kwenye kilio mtu mmoja akauliza, taratibu sana: «Alisema ‹hapa›. Nani alimwambia kwamba ni hapa?» Hakuna aliyejibu. Neno likatoka kwenye moto mmoja likaenda kwenye moto wa pili. Kulipopambazuka vijana walikuwa wamesimama mbele ya nyumba ya koko. Nyumba yake ni ya nyasi. Mmoja alikuwa na kibiriti mkononi, akikifungua na kukifunga, akikifungua na kukifunga. Koko alikuwa ndani, tulisikia akikohoa.

Mvuvi mzee akaja akitoka ziwani, nguo zake zimelowa mpaka magotini. Hakupaza sauti. Akachukua kigoda cha koko, akakiweka mlangoni, akakikalia. Akasema: «Jana saa nane mimi niliwaambia watu wa mtumbwi wangu: leo ziwa litaua. Nilisema au sikusema?» Kijana wake wa mtumbwi alikuwamo katika kundi. Akainamisha kichwa: «Ulisema, Baba.»

«Basi niwekeni na mimi ndani.»

Mfyatuaji wa matofali akasogea. «Mimi nilisema itapiga vibaya. Walinisikia wengi.» Mwenye pikipiki akasema naye alimwambia mteja wake kwamba leo radi haitacheza. Mama wa mihogo akasema yake. Mmoja baada ya mwingine watu walitoa maneno yao ya jana, kama watu wanaotoa vitu mifukoni mbele ya askari, hata ikaonekana kwamba katika kijiji kizima hakuwako hata mmoja ambaye hakuitabiri radi ile.

Mwenye kibiriti akasema: «Ninyi hamkutaja mahali.»

Mzee akamwuliza: «Juu ya kilima kile iko miti mingapi?»

Kijana hakujibu, lakini hakuondoka. Hapo ndipo alipokuja mama wa marehemu. Alikuwa hajalala, na wanawake wawili walimshika mikono. Tuliogopa, kwani mwenye msiba ndiye mwenye neno, na angesema neno moja tu nyumba ingewaka. Akawatazama vijana mmoja mmoja. Akasema:

«Mimi nilikuwa sokoni. Nilisikia. Mara ya pili alimwita kwa jina lake. Ninyi mlikuwa mnacheza karata pale penye duka, karibu na kilima kuliko koko. Nani mwingine alimwita mwanangu?»

Akakaa chini pale pale kwenye udongo, karibu na kigoda cha mzee. Jua likapanda. Vijana wakaondoka wawili wawili, mwenye kibiriti wa mwisho.

Mwalimu alifanya kazi yake majuma yaliyofuata, na twamsifu kwa hilo. Aliwaonyesha watoto kwamba radi hutafuta kitu kirefu, ikishuka kwenye mti hupita ardhini pande zote, na mtu aliyesimama karibu na shina aipata kwa njia ya miguu. Na mbuzi, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana, aipata zaidi. Aliwakumbusha habari ya Kasai ya mwezi wa 10 mwaka 1998, wakati magazeti ya Kinshasa yalipoandika kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja katikati ya mchezo, na wale wa timu ya pili hawakudhurika. Hapo pia watu walisema ni uchawi, kwani kwa nini upande mmoja tu? Mwalimu akachora kiwanja ubaoni, akaweka nukta za wachezaji, akauliza radi ingeanguka pembeni huku ingewafikia wepi. Aliwafundisha pia kuhesabu: ukiona mmweko, hesabu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kilometa moja, ukisikia kabla ya 30, ingia ndani na usitoke mpaka nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mtoto mmoja akauliza aingie ndani gani, maana kwao ni nyasi. Mwalimu akasema kweli kwamba nyumba ya nyasi haizuii radi, heri shule au kanisa la matofali, au ndani ya gari. Magari kwetu ni machache. Basi tangu hapo mlango wa shule haufungwi kwa ufunguo katika miezi ya masika, na jambo hilo, wasomaji, halikugharimu hata faranga moja.

Koko yu hai. Anauza maharagi mahali pale pale. Lakini tangu asubuhi ile hasemi tena habari ya mbingu. Wingu likisimama juu ya Kahuzi na watu wakaanza maneno yao, mwenye matofali yake, mwenye mihogo yake, yeye huinamia beseni akichambua mawe katika maharagi. Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza: «Koko, mvua itakuja?» Akamjibu: «Mwulize mwalimu, baba. Yeye amesoma.»

Mvuvi mzee hamwulizi kitu. Saa tisa hivi huja sokoni, hununua maharagi kidogo hata kama nyumbani anayo, hukaa karibu naye na kuzungumza bei ya mafuta ya taa, huku akiangalia mikono yake. Koko akianza kukunja turubai lake kabla ya saa, mzee husimama, huaga kwa heshima, huteremka ufukoni, na mitumbwi yake haitoki.